Kichwa cha Ngege

Sahani ilirudi tupu tena. Phelesia aliipokea kwa kunyoosha mkono nyuma, uso wake ukiwa umeelekea dirishani na leso imeshuka mpaka kwenye nyusi, maana mama mkwe mwenye adabu hamtazami mkwewe akila. Alipoitupia jicho akaona haina hata chembe ya ugali, moyo wake ulitulia kidogo. Ilibaki mifupa tu ya ngege, samaki mzima aliyemnunua mwenyewe ufukweni asubuhi, imefyonzwa mpaka imekuwa myeupe.

"Asante, Mama," ilisema sauti ya Ratemo nyuma yake, nyembamba, ya mtu aliyechoka.

"Asante ni kwa Mungu, Baba Bosibori. Kesho nitaleta mkubwa zaidi."

Walisemezana Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya kukutania. Phelesia alikuwa Mjaluo wa Kendu Bay, na Ratemo alikuwa Mkisii wa Nyamira aliyekuja kuuza ndizi na maparachichi katika soko la Homa Bay, akauza vizuri, na katika kuuza akampata Lorine, binti wa Phelesia. Wajomba walinung'unika, lakini vijana wote wawili walikuwa Wasabato, na mchungaji aliwaambia wajomba kwamba mbinguni hakuna mtaa wa Wakisii wala wa Wajaluo. Wajomba wakanyamaza, wakala pilau ya harusi na wakaongezewa.

Sasa huyu Ratemo angekuwa na mama yake hai, hadithi hii isingekuwepo. Mama yake alifariki zamani. Ndugu yake Mogire alikuwa kibarua katika mashamba ya majani chai, alikuja mara moja, akalia, akarudi kazini kabla hajafutwa. Lorine alikuwa na mtoto mchanga, kitovu hakijakauka, siku ile simu ilipopigwa kutoka Migori kwamba Ratemo, aliyekwenda kununua mahindi ya Wakuria, ameangukiwa na magunia juu ya lori na chuma kimemwingia kwenye muundi. Nani akae na mgonjwa? Walitafuta huku na huku, wakamaliza watu wote, wakabaki wanamtazama Phelesia.

Mama mkwe kumuuguza mkwe! Huko kwao hata kitanda cha mkwe hakitazamwi, seuze kukaa kando yake. Phelesia alisali kabla ya kuvuka kizingiti cha ile hospitali ya misheni alikoletwa Ratemo, kando ya mji wa Homa Bay. Alimweleza Mungu kwamba anayajua mambo ya heshima, hakusahau, lakini binti yake ana vitoto viwili, Bosibori na yule mchanga, na mume mmoja. Kisha akaingia wodi ya wanaume macho yamepigwa sakafuni, akatafuta kistuli, akakiweka kando ya kitanda cha Ratemo na kukigeuza kielekee dirishani. Alidhani kwa kugeuza kile kistuli amemaliza kila kitu.

Angalau angetoka nje wakati wa kula. Na angetoka, kama si sista Marcella, muuguzi wa wodi ile. Huyu Marcella alikuwa mtu wa Voi, mwembamba, hana mchezo, na jambo lililomkera kuliko yote duniani ni jamaa za wagonjwa wanaokula chakula cha wagonjwa. Hospitali ilipika uji asubuhi, na ugali na kabichi jioni, basi. Chakula cha maana kililetwa na watu wa nyumbani. Marcella alikuwa ameona kuku wakiingia wodini wazima na kuishia tumboni mwa shemeji.

"Mama, wewe ndiye wa huyu wa mguu?" alimuuliza Phelesia siku ya kwanza.

"Ndiyo, sista."

"Basi sikiliza. Huyu kidonda chake hakiponi bila kula. Ukimpa chakula, usibanduke hapo mpaka amalize. Nisikuone huko nje unapiga story. Sahani ikiwa tupu, unanionyesha."

Phelesia ni mtu wa kutii. Hakubanduka. Kila adhuhuri alipika nyuma ya wodi, kwenye banda la mafiga, akaingia na sahani, akampa Ratemo bila kumtazama, akakaa kwenye kistuli chake na kutazama dirishani, ambako palikuwa na kamba ya nguo na paka wa hospitali. Nyuma yake alisikia mtu akila. Akila hasa. Alisikia mifupa ikifyonzwa, kichwa cha ngege kikifunguliwa kwa ustadi, ulimi ukitafuta utamu kwenye kila kona. Phelesia alitabasamu peke yake kule dirishani. Alijiambia Lorine amemfunza huyu Mkisii vizuri, sasa anakula samaki mpaka unadhani amezaliwa Kendu Bay.

Yeye mwenyewe hakula. Angekula wapi? Wodini mkwe yupo, na kule kwenye banda mlango wa nyuma wa wodi ulikuwa unatazamana nalo, na kinywa chake hakikukubali kufunguka mahali ambapo Ratemo angeweza kuinua kichwa na kumwona anatafuna. Alishinda na chai ya rangi, akasema atakula vizuri siku mguu ukipona. Gauni lilianza kumpwaya.

Ila mguu haukupona.

Ulisafishwa, ukafungwa, ukafunguliwa, ukasafishwa tena. Sindano zilichomwa mpaka Ratemo hakuwa na mahali pa kukalia. Kidonda kilikaa vilevile, kipana, kingo zake zimepauka, na usaha uliofutwa asubuhi ulikuwa umerudi jioni. Ratemo mwenyewe, kijana aliyekuwa akipanda lori na mkungu wa ndizi kila bega, alikuwa amebaki macho na meno. Phelesia aliiba kumtazama alipokuwa amelala, Mungu amsamehe, na akaona mifupa ya shingo yake imejitokeza.

Na kwenye kitanda cha pili, hatua moja tu kutoka hapo, alilazwa mtu anaitwa Dishon, fundi wa mashua kutoka Rusinga. Dishon alikuwa amejikata mguuni kwa tezo, na alipoletwa mguu ulikuwa umevimba na kunuka hata watu wa vitanda vya mbali walilalamika. Dishon huyo sasa alikuwa anapiga mluzi. Mashavu yalikuwa yamejaa, ngozi inang'aa, kidonda kimejifunga mpaka Marcella akawaita wanafunzi waje wakione. Alikuwa anachekesha wodi nzima kwa hadithi za watu walionunua mashua zake wakasahau kujifunza kuogelea. Phelesia alimwonea kijicho. Alimuuliza Mungu ni kwa nini huyu mropokaji, ambaye hana hata mtu wa kumletea chakula, anapona, na mkwe wake anayekula ngege mzima kila siku anakauka.

Miaka ile ya tisini, katika mji ule, mtu hakuruhusiwa kukonda. Ukikonda umeshahukumiwa. Kwenye banda la mafiga wanawake walipunguza sauti Phelesia alipofika, lakini hawakuipunguza vya kutosha.

"Huyo ni ule ugonjwa wa siku hizi," alisema mmoja, akigeuza sufuria yake. "Hawa watu wa kusafiri na malori, unawajua."

"Mimi nasema ni chira," alisema mwingine, mzee zaidi. "Mama mkwe anakaa karibu na kitanda cha mkwe, mchana kutwa. Ulishaona wapi? Chira inamkausha mtu hivyohivyo, polepole."

Phelesia alikoroga ugali wake kana kwamba hajasikia. Lakini chira alikuwa anaijua tangu utotoni, ile laana ya mwenye kuvunja mwiko, inayomla mtu mpaka anaisha, na hata mchungaji akihubiri dhidi yake miaka mingi, ikitajwa nyuma ya kisogo chako huku mkwe wako anakonda, utatetemeka tu. Kuhusu ule ugonjwa mwingine, hakuthubutu hata kuuwaza mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake ulikuwa ni Lorine na kile kitoto kichanga.

Asubuhi iliyofuata Daktari Willis alimwita kwenye varanda. Alikuwa mtoto wa Migori, mrefu, mpole, anayesema na wazee huku ameinama kidogo.

"Mama, kaa chini. Nataka nikwambie ukweli, na mgonjwa mwenyewe amenikubalia nikwambie. Tumempima kifua kikuu, hana. Sukari, hana. Na ile damu ambayo najua watu wananong'ona, tumepima mara mbili. Hana."

Phelesia alishika nguzo ya varanda. "Asante Yesu. Sasa ni nini?"

"Hiyo ndiyo inanisumbua. Mwili wa mtu uko na askari wake, Mama. Hao ndio wanapigana na kidonda. Dawa yangu ni panga tu, inataka mtu wa kuishika. Na hao askari hawatoki kwa sindano, wanatengenezwa na chakula. Samaki, mayai, maharagwe, maziwa. Mtu akikosa hiyo, askari wanapungua, hata kidonda kidogo kinamshinda. Sasa huyu wako, ukimwangalia ni mtu mwenye njaa. Lakini sista anasema anamaliza sahani."

"Anamaliza, daktari. Mimi mwenyewe naipokea."

"Basi kuna kitu sijakiona." Alikuna kichwa. "Mama, Ijumaa nitafungua tena. Kama bado iko hivyo, nitakata chini ya goti. Nikingoja zaidi, sumu itapanda na tutampoteza mtu mzima."

Phelesia hakulia mbele ya daktari. Alikwenda kupika, kwa sababu hakujua kufanya kitu kingine. Mikono ilipika peke yake huku akili ikitembea sokoni, ikimwona Ratemo na gongo, hawezi kupanda lori, hawezi kubeba mkungu, Lorine anahesabiwa pamoja na wajane na mume yupo. Alimpelekea ngege. Aligeukia dirisha. Alisikia mifupa ikifyonzwa. Alipokea sahani tupu, akamwonyesha Marcella, akaenda nayo bombani.

Akiwa pale anaikwangua, machozi yakimtoka sasa kwa sababu hakukuwa na mtu, aliona kile kichwa. Tuseme kilichokuwa kichwa. Kilikuwa kimefunguliwa mfupa kwa mfupa, mashavu yamekombwa, jicho limenyonywa, ule mfupa mdogo wa ndani wenye mafuta, ambao hata watu wa Kendu Bay wengine hawaujui, umetolewa na kusafishwa na kuwekwa pembeni. Na mifupa yote ilikuwa imepangwa ukingoni mwa sahani, mkubwa mpaka mdogo.

Phelesia aliacha kukwangua.

Alikumbuka mwaka uliopita, Ratemo alipokuja Kendu Bay na Lorine. Walimwandalia katika nyumba ya shemeji yake Phelesia, kama desturi, na yeye mwenyewe alikaa jikoni mbali. Sahani iliporudi wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Ratemo alikuwa amekula mgongo wa samaki, tena kwa hofu, akitema miiba hovyo, na kichwa hakukigusa. Alikuwa amekifunika kwa kipande cha ugali ili kisiendelee kumtazama. Mtu wa milimani huyo. Ngege kwake ni nyama yenye sindano ndani.

Hakuna Mkisii aliyekula kile kichwa. Kilikuwa kimeliwa na mtu aliyeachishwa ziwa kwa supu ya samaki, na huyo alikuwa amelala hatua moja kutoka kwa mkwe wake akipiga mluzi.

Aliingia wodini na sahani mkononi, maji yakichuruzika. Safari hii hakutazama sakafu.

"Dishon!"

Mluzi ulikatika.

"Nionyeshe mikono yako."

"Mikono ya nini, mama? Mimi naumwa mguu."

"Nimesema mikono!"

Dishon aliitoa chini ya blanketi. Haikuhitaji kunuswa, harufu ya ngege ilikuwa inasikika toka pale Phelesia aliposimama, na kwenye sharubu kulikuwa na chembe ya ugali. Dishon alimtazama Phelesia, akamtazama Ratemo, akaona hakuna mlango wa kutokea.

"Mama, sikuiba," alisema. "Haki ya Mungu sikuiba. Ukigeuka tu kule dirishani, sahani inakuja yenyewe. Ananisukumia. Siku ya kwanza nilikataa, akanibembeleza. Ya pili sikukataa. Wewe, mama, unapika! Ningefanya nini?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hata nguoni hakujificha. Phelesia alimgeukia mkwe wake. Ratemo alikuwa amevuta blanketi mpaka juu ya kichwa, zimebaki nywele.

"Baba Bosibori."

Nywele nazo zikazama ndani ya blanketi.

"Baba Bosibori, daktari anataka kukata huo mguu Ijumaa. Niambie. Chakula changu ni kibaya?"

"Hapana, Mama!" Blanketi lilitikisika. "Si chakula. Ni vile... Mama, kwetu mtu hawezi kula kama mama mkwe yuko ndani ya nyumba hiyo hiyo. Hata kama amegeuka. Hata kama amefunika macho. Hiyo ni chinsoni, ni heshima, tumezaliwa nayo. Nilijaribu, nikaweka ugali mdomoni, koo ikafunga kabisa. Na nilikuwa naona umetoka kwa soko na jua, umepika, sasa nirudishe sahani imejaa, uone nimekataa mkono wako? Nikampa Dishon. Usiku nilikuwa nakula hiyo kabichi ya hospitali, na uji asubuhi kabla hujafika."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Mama, toka nje nataka kula? Ningekufukuza na mdomo gani, wewe umeacha kwako kuja kuniuguza?"

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na hapa palikuwa na watu wawili wazima walioficha mpaka daktari akanoa msumeno. Phelesia alisikia hasira ikimpanda, akafungua kinywa aitoe, na kilichotoka si hasira. Alijikuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda cha Dishon, na Dishon akasogeza mguu wake upesi. Mkwe wake hakuwa na chira. Hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa na njaa! Na njaa ni ugonjwa ambao Phelesia alijua dawa yake. Alilia na kucheka kwa pamoja, leso imemwanguka mabegani, na hakujali nani anamwona.

Alipoambiwa, Marcella aliweka mikono kiunoni. "Yaani mimi ndiye nilimwambia akae hapo! Na nyinyi wote mnanyamaza tu? Wodi nzima?"

"Sista, ulisema asibanduke," alisema mzee wa kitanda cha kona. "Nani angebishana na wewe?"

Daktari Willis alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akatazama mguu wa Dishon na mguu wa Ratemo, mmoja baada ya mwingine, vidonda viwili vilivyotibiwa kwa dawa moja.

"Mimi mama mkwe wangu yuko Awendo," alisema. "Akiingia kwa huu mlango, mimi natokea dirishani. Ningeuliza mapema nani anakaa na mgonjwa wakati wa kula, si ningejua? Nilikuwa napita asubuhi tu na kusoma sahani ni tupu." Alimgeukia Phelesia na kuinama zaidi kuliko kawaida. "Mama, Ijumaa tumeifuta. Mpe chakula. Lakini usimshindilie siku ya kwanza, tumbo limezoea kukaa bure. Kidogo kidogo, mara nyingi. Maziwa, yai, maharagwe yaliyopondwa. Halafu huyo samaki wako. Tukiona askari wanaamka, tutajua. Wakikataa, itabidi turudi kwa ile habari ya kwanza."

Basi kistuli kilitolewa nje. Phelesia alikiweka kwenye varanda, upande wa pili wa ukuta, chini ya lile dirisha alilokuwa akilitazama kutoka ndani. Sasa alitazama uwanja, mgongo wake ukigusa ukuta. Marcella alipeleka sahani mwenyewe. Dishon, kwa adhabu, aliteuliwa kuwa shahidi, na alipewa sahani yake pembeni ili mkono wake usitamani cha jirani.

"Anakula?" Phelesia aliuliza kupitia dirishani, ameangalia uwanja.

"Anakula, mama," alijibu Dishon. "Anakula vibaya sana, lakini anakula."

Siku aliyopika ngege tena alingoja sahani kwa moyo unaodunda. Marcella alipomletea, Phelesia aliitazama akashika mdomo. Kulikuwa na maafa humo. Miiba imesambaa kila mahali, mingine imetafunwa na kutemwa, mkia umekatika, na kichwa, maskini, kilikuwa kimeshambuliwa kutoka juu kama mtu anayepasua kuni, kisha kikaachwa, mashavu yote mawili yamo, mazima, na mafuta yake. Mtu wa Kendu Bay angelia kwa hasara ile. Phelesia aliibeba sahani mpaka bombani kwa mikono miwili, akacheka peke yake mpaka yule mama wa chira akauliza kuna nini.

"Mkwe wangu amekula," alisema Phelesia. "Angalia! Ni yeye mwenyewe amekula!"

Yale mashavu yalimtia uchungu, lakini mama mkwe hali makombo ya mkwewe. Akampa paka.

Haikuwa kazi ya siku moja. Zilipita siku ambazo bandeji ilifunguliwa na Daktari Willis akasema "mm" tu, na Phelesia akarudi kwenye kistuli chake hana raha. Alipika mayai. Alipika maharagwe na njugu. Lorine alituma maziwa kutoka nyumbani, na wimbi, ili mtu wa Nyamira apate ugali wa kwao. Kisha siku moja Dishon alisema kupitia dirishani kwamba Ratemo amelalamika chumvi ni kidogo. Phelesia alifurahi kutukanwa mapishi yake kuliko alivyowahi kufurahi kusifiwa. Mtu anayekufa hagombani na chumvi.

Dishon aliruhusiwa kwenda kwao. Aliaga kitanda kwa kitanda, akamwambia Phelesia kwamba akipata tena ajali ataomba alazwe karibu na Mkisii yeyote mwenye mama mkwe.

Siku ya kufungua mguu ilifika, ile ambayo daktari alisema ni ya kuamua. Waliingia wengi wodini, Marcella na trei yake, wanafunzi nyuma. Phelesia alibaki nje, mgongo ukutani, amefumba macho. Alisikia mkasi. Alisikia bandeji ikivutwa. Hapo alimwambia Mungu maneno ambayo sitayarudia, kwa sababu mengine yalikuwa ya kumtishia.

"Haya," sauti ya Daktari Willis ilisema ndani. "Njooni muone. Mnaona hii nyekundu pembeni? Hii ni nyama mpya. Na hii imeshika. Hakuna usaha hata kidogo. Ratemo, huu mguu ni wako, bwana. Nenda nao nyumbani."

Marcella alipiga kigelegele, sista yule asiye na mchezo, tena cha kwao Voi, na wodi ikaitikia.

Phelesia alisema "Asante Yesu" mara nyingi hakumbuki ngapi. Kitu kilimfunguka kifuani, kikashuka, na kilipofika tumboni akagundua kwamba ana njaa. Njaa ya kweli, ya siku zote zile za chai ya rangi, ilimjia kwa mpigo. Alikwenda kwenye banda akachukua sahani. Alikuwa amebakisha ngege mmoja kwa ajili ya jioni. Alizunguka nyuma kabisa ya banda, mahali ambapo wodi haionekani, akakaa juu ya gogo, akamega tonge kubwa, akakivunja kichwa cha samaki na kuanza. Alikula bila aibu. Alifyonza. Mafuta yalimfika kwenye kidevu.

Ndipo Ratemo alipotokea.

Alikuwa juu ya magongo mawili, hatua zake za kwanza, jasho linamtiririka. Alikuwa amemtafuta kwenye varanda akamkosa, akauliza, akaelekezwa. Alizunguka banda na kumkuta mama mkwe wake mashavu yamevimba kwa ugali, mfupa wa ngege umemtoka mdomoni, na macho yao yakakutana waziwazi, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu siku ya harusi.

Phelesia aligeuka huku na Ratemo akageuka kule, karibu aanguke na magongo yake. Walikaa hivyo, kila mtu amempa mwenzake mgongo. Phelesia hakuweza kumeza, hakuweza kutema. Alisikia kitu nyuma yake, akadhani mkwe wake analia. Ratemo alikuwa anacheka. Alicheka polepole kwanza, kama mtu aliyesahau namna ya kucheka, kisha kwa tumbo lote, na Phelesia naye akashindwa, akacheka na mdomo umejaa mpaka akapaliwa.

"Pole, Mama," alisema Ratemo, ameuangalia ukuta. "Nilikuja kukuambia asante. Nimekuja kwa miguu yangu."

"Nimesikia, Baba Bosibori." Alimeza, akajifuta kidevu kwa leso. "Nimesikia hatua."

"Basi malizia kula. Mimi sioni kitu. Hapa naona ukuta tu."

Phelesia alilitazama lile tonge, akatazama anga, akaona hakuna kilichoanguka kutoka huko. Akaendelea kula. Nyuma yake Ratemo alisimama kwa mguu mmoja wa zamani na mmoja mpya, akisikiliza mifupa ikifyonzwa, na baada ya muda akakohoa kidogo.

"Mama, hicho kichwa," aliuliza. "Huwa mnaanzia wapi?"

"Shavuni," alisema Phelesia. "Unaanzia shavuni."